Ile Amina ya Molo

Baba Shiro,

Salamu nazituma, ingawa sijui zinafikaje huko uliko. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana. Kila nikianza najikuta nakusimulia mvua na bei ya nyuzi, kama mgeni anayeizunguka nyumba akiogopa kupiga hodi. Leo napiga hodi. Maiki uliyoniachia niishike, niliitoa. Nilimpa mtu yule yule uliyenikataza, jeneza lako likiwa bado juu ya ardhi, na walioumia ni watu wa mtaa wetu. Hilo ndilo lililonileta. Mengine nitayasema njiani, nawe utanivumilia kama ulivyozoea.

Ninaandikia hapa hapa barazani Bondeni, cherehani mbele yangu, sare za shule nimezisukuma kando. Pale pako, ulipokuwa ukishonea viatu, sasa anakaa binti anayeuza kava za simu. Ni mstaarabu, hana neno, lakini anapiga muziki tangu asubuhi mpaka fizi zinaniuma. Mara mbili nimegeuka nikuambie umwambie apunguze. Miezi saba, na shingo yangu bado inageuka upande ule. Swabra amepata kitambulisho. Najua ungemwuliza nini kabla hata ya kumpongeza, kwa hiyo nilimwuliza kwa niaba yako, naye akanijibu kwamba ndiyo, ameshajiandikisha kupiga kura, na tafadhali Mama usianze.

Watu wakiniuliza ulitufundisha nini, huwa nacheka kwanza. Ulitufundisha kumkamata mtu kwa kiatu. Mteja akija na soli imeachama, unakipokea, unamwekea kipande cha katoni aweke mguu, halafu unaanza. Wewe unakaa mlango gani? Umesikia wanataka kubomoa? Kuna karatasi yoyote umeonyeshwa? Na mtu ataenda wapi na mguu mmoja? Nimekuona ukishona kazi ya dakika kumi kwa saa nzima. Yule pasta wa kanisa la mabati alikaa pale mpaka ibada yake ikaanza bila yeye, akaondoka ameahidi kuleta waumini kwenye mkutano wetu. Nilikuambia huo ni utekaji nyara. Ukacheka na hayo meno yako yaliyotiwa kahawia na maji ya Nakuru, ambayo hukuwahi kuyafunika kwa mkono kama tunavyofanya wengine. "Mama Swabra, mimi sijashika mtu. Nimeshika kiatu."

Nakumbuka siku mheshimiwa wetu na watu wa mradi wa nyumba walipokuja mtaani kwetu Matofali na ile picha kubwa ya magorofa. Waliitundika kwenye ukuta wa ukumbi wetu, ukumbi ambao rangi yake ya mwisho ilipakwa nikiwa sijaolewa. Magorofa meupe, miti, watu wa kuchorwa wanakimbia asubuhi kwa afya zao, na mbwa mweupe. Mama Chebet wa mlango wa tisa akauliza mbwa ni wa nani. Tulicheka, halafu tukapiga makofi, maana ilikuwa picha nzuri na sisi tumeishi kwenye vyumba vya matofali vinavyovuja tangu wazazi wetu. Wewe hukupiga makofi. Ulisimama na aproni yako yenye gundi ukauliza swali moja tu: "Na sisi tuko wapi kwa hii picha?" Wakasema tutahama kwa muda, nyumba zijengwe, halafu turudi. Ukawaambia waandike, mlango kwa mlango, nani anatoka na nani anarudi. Yule wa tai akatabasamu. "Mzee, hilo ni neno letu." Ukaketi ukiwa umekasirika mpaka masikio yakatetemeka, na watu wakakuona mkorofi. Mimi pia nilikuona mkorofi, sasa ninaweza kusema.

Ilinichukua muda kujua kisa. Ulinisimulia siku ya mvua, barabara tupu, hakuna mteja. Ulikuwa na miaka kumi na minane, mnaishi Molo, viazi viko tayari ardhini. Zikaja zile vurugu. Mkubwa mmoja akasimama juu ya pikapu akawaambia mwondoke kwa wiki moja tu, hali ikitulia mtarudi kuvuna. Mamako akatoka na sufuria mbili na blanketi. Akaja kufia Matofali baada ya miaka ishirini, akiwa bado anawauliza watu waliotoka Molo kama viazi vyake vimechimbuliwa. Ulinisimulia hayo ukiwa umeinamia kiatu cha mtoto, na hukuinua uso. Tangu siku hiyo sikukuita mkorofi tena.

Ndipo ukatuwekea zile kanuni zako. Hakuna makofi mpaka jambo lisomwe. Na kila mkutano uanze kwa kuita milango, kuanzia mlango wa kwanza mpaka wa themanini na nne, kila mlango uitike wenyewe, hata kama aliyekuja ni mtoto wa nyumba hiyo na kamasi zake. Watu walilalamika kwamba ni kupoteza wakati. Ulisema mlango ukizoea kuitika hautaweza kubomolewa kimyakimya. Miaka miwili tuliitana hivyo. Tuliandamana mara mbili hadi kwenye ofisi zao, tukarudishwa mara mbili, mara ya pili macho yanatutoka machozi ya moshi na wewe umenishika mkono unachechemea, kwa sababu kidole cha mguu kilikuwa kimeshaanza.

Sukari haina huruma. Walikata kidole, kisha mguu hadi chini ya goti. Fundi viatu! Nilitoka nje ya wodi nikalia ukutani, nilipoingia ukaniambia angalau sasa utang'arisha kiatu kimoja tu. Nani anafanya mzaha wa namna hiyo? Nilitaka kukupiga.

Jumatatu ile ya mwisho wodini tulikuwa wawili tu. Shiro alikuwa hajapata ruhusa kule kwenye mashamba ya maua Naivasha, dadako, aliyeolewa Molo, yuko njiani kutoka huko. Ulikuwa umekonda lakini akili iko sawa kabisa, nataka hilo lijulikane. Ukaniambia: "Nikienda watakuja, Mama Swabra. Watakuja na tenti na viti na maji ya chupa. Maiki ushike wewe. Usipee mheshimiwa, hata dakika moja." Nikakuuliza kwa nini mimi, nisiyejua hata mazishi yenu yanaendaje. Ukasema ni kwa sababu sina kanisa pale, sina chama, wala sina ukoo nawe, kwa hiyo hakuna atakayenivuta sikio. Nikanyanyua kidole changu nikasema wallahi simpi. Ukafumba macho ukatulia. Kesho yake saa nne asubuhi ukaenda.

Sasa nifike Molo.

Kwetu, unajua, mtu akifa asubuhi alasiri yuko kaburini. Hakuna tenti, hakuna ratiba, hakuna spika. Na sisi wanawake hatuendi makaburini. Babangu mzazi nilimuaga mlangoni, nikabaki ndani na kina mama tukisoma Kurani. Kaburi lako ndilo la kwanza maishani mwangu kusimama kando yake. Baridi ya Molo ilikuwa inaingia hadi kwenye mifupa, ukungu umelala juu ya viazi vya dadako, tope limeshika viatu vya watu wote wa Matofali waliojaa mabasi mawili kuja kukuzika. Nilikuwa nimeishika ile maiki kwa mikono miwili. Na mwanzoni nilifanya vizuri, lazima nijisifu. Alikuja mmoja anayetaka kiti cha wadi, na fulana zenye sura yake. Nikamwambia ratiba imejaa. Akaja mwingine akasema yeye ni mjomba wako. Nikamwuliza jina la mamako marehemu, akaenda kutafuta chai.

Halafu akaja mheshimiwa mwenyewe. Hakuja na kishindo. Angekuja na kishindo ningemweza, mimi ni mtu wa Bondeni. Alikuja kwa miguu, kofia mkononi, tope hadi kwenye vifundo, akainama akaninong'oneza: "Mathe, mimi sitaki siasa hapa. Nipee tu dakika mbili niombee familia. Ni maombi tu."

Maombi, Baba Shiro. Mimi nimelelewa na nyanya aliyenifundisha kwamba mtu akitaka kumwombea maiti humzuii, hata awe mwizi aliyekuibia jana, kwa sababu hujui dua ya nani itakayopokelewa. Nililitazama lile shimo, maji yanachuruzika pembeni, nikafikiri wewe unaingia humo peke yako. Nikajiambia ulinikataza hotuba, hukunikataza dua. Huo ndio ujanja niliojifanyia. Shetani hakuhitajika, nilijitosha. Nikampa.

Wote wakainamisha vichwa na kufumba macho. Mimi nikafungua viganja kwa namna yetu, nikafumba pia. Aliomba vizuri, balaa ndiyo hiyo. Alimwombea Shiro, alimwombea dadako, akaomba mvua. Kisha bila kubadili sauti akasema: "Tunakushukuru Baba, kwa sababu kabla hujamwita mtumishi wako ulilainisha moyo wake. Akaniambia mwenyewe, mheshimiwa, nimekubali, peleka watu wangu mbele, wahame kwa amani. Na wote wanaopokea baraka hiyo waseme..."

Wakasema Amina. Mabasi mawili ya Matofali, kwa sauti moja, kaburini. Nami nikasema. Kwetu dua ikiombwa hukai kuipima neno kwa neno, unaitikia. Mdomo wangu ulifika kabla ya akili. Nilipofumbua macho, wa kwanza kumwona alikuwa Shiro. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama mimi.

Ningeweza kumnyang'anya maiki. Nimeliwaza hilo kila siku. Ningeweza kusema huyu mtu ni mwongo, marehemu hakusema hivyo, nilikuwa naye. Lakini nani anabishana mbele ya jeneza? Watu wangesema nimekuharibia mazishi. Nikaichukua maiki, nikasema asante mheshimiwa. Ndiyo. Nilimshukuru.

Kabla mabasi yetu hayajatoka Molo, video ilikuwa imeshatutangulia Nakuru. Sauti yake, vichwa vyetu vimeinama, na ile Amina. Kufikia Jumatatu kila mtu alikuwa anasema hata Baba Shiro alikubali kabla hajafa, sasa ninyi ni nani? Watu wa mradi wakaja na notisi za kuhama, wakaanzia laini ya juu, ile inayotazama barabara, mlango wa kwanza mpaka wa kumi na moja. Wakazi wake walitaka kubishana kidogo, halafu wakaanza kufunga virago. Nilikwenda kwa Mama Chebet kumsihi asitoke. Nilimkuta anafunga vyombo kwenye shuka. Aliniambia, bila ukali wowote: "Kitu umeitikia amina mbele ya maiti, huwezi kurudisha. Hata kama ni uchungu." Mwanamke aliyepiga ngoma ya kanisa miaka thelathini. Kwake neno hilo si la kusindikizia maombi tu, ni kiapo. Nikaishia kumsaidia kukunja godoro.

Baada ya wiki tatu, milango yote kumi na mmoja ilikuwa imehama. Tingatinga likaja Jumatano asubuhi. Siwezi kuandika sauti ile.

Baada ya hapo nilijifungia. Siku tisa sikuja barazani. Wateja walipiga simu kuhusu sare, nikasema naumwa. Wengine mtaani hawakuficha, kinyozi wa mtaani kwetu aliniuliza mbele za watu, "Si ni wewe ulimpea maiki?" Na jibu ni ndiyo. Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Katika siku hizo tisa nilikukasirikia. Nilisema kwa nini hukumpa mwanamume wa kanisani, mwenye sauti, anayejua mazishi yenu? Kwa nini umenitwisha mimi? Nililia kwa hasira na wewe, halafu nikalia kwa sababu huwezi tena kunijibu.

Aliyenitoa ni Shiro. Alikuja Ijumaa na nguo zake za shamba la maua, akaketi kwenye mkeka, akakataa chai. "Auntie, wewe ndiye ulikuwa na yeye. Alikubali ama hakukubali?" Nikamwambia hakukubali. Nikamwambia yote, kiapo, maiki, dua. Nilitegemea anitukane, ningefurahi kama angenitukana. Aliniuliza tu mbona basi nimenyamaza. Nikasema nikisema alichoniambia babako, itabidi niseme pia kwamba nilivunja. Akasema, "Eeh. Itabidi." Akaondoka kuwahi gari la Naivasha.

Mkutano wa kuwasikiliza wakazi ulikuwa Alhamisi iliyofuata, pale pale ukumbini, chini ya ile picha. Mheshimiwa kaketi mbele, karani na daftari pembeni yake. Nilipoinua mkono nilitaka kuzungumza kile Kiswahili changu cha kanzu, ulivyokuwa ukikiita, lakini kilinikaukia. Nikasema kwa kifupi. Nikasema Jumatatu ile nilikuwa naye wodini peke yangu. Hakukubali kuhama bila karatasi. Aliniapisha nisimpe mheshimiwa maiki, nikampa. Yaliyosemwa kwenye yale maombi hayakuwa ya marehemu, na mwenye kosa la kuyafanya yasikike ni mimi niliyesimama hapa. Mmoja wa wapambe wao akapiga kelele kutoka nyuma: "Si mlisema Amen? Hiyo story iliisha!" Watu wakacheka. Nikalikaza buibui langu, nikabaki nimesimama.

Sikujua la kufanya baada ya hapo, Baba Shiro. Sikuwa nimepanga. Nikafanya lile tu nililolizoea, nikaanza kuita milango. Nikaita mlango wa kwanza. Kimya. Nikaita wa pili. Kimya. Ndipo nikakumbuka hawapo, lakini nilikuwa nimeshaanza, na nikaona siwezi kuwaruka. Nikaita wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja kwa jina la aliyekuwa akikaa humo, na baada ya kila jina nikangoja, kama ulivyokuwa ukingoja wewe. Wa tisa nilipomwita Mama Chebet ilibidi nilirudie jina. Hata yule wa nyuma alikuwa ameacha kupiga kelele. Nikafika wa kumi na mbili. Na yule kinyozi, yule yule, akasimama. "Mlango wa kumi na mbili. Niko. Sijakubali."

Wakafuatana. Wengine walisema kwa sauti ndogo, wengine walisimama tu. Baadhi hawakuitika kabisa, sitakudanganya. Lakini karani alikuwa anaandika, na mheshimiwa alikuwa anatazama simu yake.

Karatasi ilikuja baada ya mvua ndefu. Kurasa nne, muhuri, kila mlango na jina, nani anatoka na nani anarudi. Kinyozi aliisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, na ilipokwisha watu walipiga makofi, haki yao, ilikuwa imesomwa. Kulikuwa na wazee waliocheza. Mtu mmoja alilitaja jina lako na ukumbi ukalia makofi upya. Ulishinda, Baba Shiro. Nilitaka uambiwe na mimi kabla hujaambiwa na mwingine.

Mimi sikupiga. Karatasi inaanza na mlango wa kumi na mbili. Tuliuliza wa laini ya juu wako wapi, tukaambiwa hao waliondoka wenyewe, kwa hiari, hawamo. Kwa hiari! Nilimwona Mama Chebet akikunja lile godoro. Yule wa tai alisema tukileta maelezo ya kila mmoja wao, yenye sahihi au dole gumba, wataangalia. Wataangalia, kasema. Nimeshajua neno la mtu kama huyo lina uzito gani, lakini ndilo lililopo, na nitalifuata mpaka liandikwe.

Jumamosi iliyopita nilifunga cherehani, nikachukua karatasi za maelezo na wino, nikaenda Salgaa. Ilinichukua nusu siku kuuliza, maana pale kila mtu ni mpita njia. Mama Chebet anakaa na mwanawe nyuma ya uwanja wa malori, chumba kimoja, vumbi na kelele za breki usiku na mchana. Amezeeka ghafla. Alinikaribisha kwenye kibao, akanipa chai ya maziwa, tukainywa. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mwingine aliyeniuliza: "Na wewe, siku ile, uliitikia?"

Nikamwambia niliitikia.

Akatikisa kichwa polepole. Nilimweleza yote, yale uliyoniambia wodini, kwamba hukukubali kamwe, na kwamba neno alilolitii halikuwa lako. Nilidhani atalia, nikajiandaa. Badala yake akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi. Andika vizuri, mlango wa tisa, usikosee." Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwa nguvu, kama anayetaka liguse hadi mezani. Hakuniambia amenisamehe. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia mvua inakuja nisikawie.

Kwa hiyo nimebakiwa na kumi. Wawili nasikia wako Molo, wengine Njoro, mmoja anafagia kwenye hoteli ya watalii Longonot, wengine sijui hata pa kuanzia. Nitawatafuta wote, mmoja mmoja, nikae nao, niwaeleze kwa mdomo wangu nilichofanya, na niandike majina yao. Ofisi ikikataa, nitarudi. Ikikataa tena, kinyozi ameahidi twende pamoja. Shiro anataka kuja siku zake za mapumziko. Hilo ndilo naweza kukuahidi, na safari hii sikuapi, naenda tu.

Kuna siku nitapanda Molo peke yangu, nisimame pale nisipotakiwa kusimama, nikuombee kwa namna yetu. Bado. Sasa hivi naona haya.

Wala sikuombi unisamehe, Baba Shiro. Wewe ulikuwa mwepesi wa kusamehe, ungenipa hata kabla sijamaliza kusema, na ningerudi nyumbani nimelala vizuri bila kustahili. Wenye haki ya kunisamehe ni watu kumi na mmoja, wote wako hai, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kusema neno hilo.

Kwaheri, ndugu yangu. Pumzika. Kesho asubuhi naenda Longonot, kumtafuta wa mlango wa tatu.

Ni mimi,
Mama Swabra